Mhitimu wa Uhasibu Mbele ya Mkutano wa Kijiji

Kila baada ya miezi mitatu, kwa utaratibu wa serikali za mitaa Tanzania, kijiji kinatakiwa kuitisha mkutano mkuu, na katika mkutano huo uongozi usome mapato na matumizi. Huwa pana viti vichache mbele, benchi zilizoazimwa shuleni, watu waliotoka shambani asubuhi hiyo, na mara nyingi mzee mmoja aliyekaa kimya tangu dua ya kufungua akisubiri kipengele hicho tu. Ikisomwa "matumizi mengineyo, shilingi 380,000", mzee huyo atanyoosha mkono aulize mengineyo ni yapi. Anayesoma asipokuwa na jibu, na hati za malipo zisipokuwepo mezani, mkutano umekwisha hata kama ajenda zimebaki nne.

Sijui mtihani wa uhasibu ulio mgumu kuliko huo, na vyuo vyetu havimwandai mwanafunzi kuufanya. Nasema hivyo nikiwa na vyuo vya ngazi ya cheti na stashahada akilini, vile vinavyofundisha uhazili, utunzaji wa kumbukumbu, utawala wa serikali za mitaa na uhasibu wa awali. Huko ndiko wanakokwenda vijana wengi wa kidato cha nne wa Handeni na Korogwe wasiopata nafasi ya kidato cha tano. Hoja yangu ni moja: kazi za darasani za kozi hizi zitokane na makaratasi yanayozunguka kweli mahali kama Kwamsisi, na zisahihishwe kwa kigezo cha watu wanaoyatumia makaratasi hayo.

Msomaji wa mkoa wa Tanga ataniuliza, Kwamsisi ipi? Ziko kata mbili za jina hilo. Moja imo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Korogwe. Nyingine iko Handeni vijijini, kata ya mahindi, mihogo na ufuta. Jina lao moja linanifaa, kwa sababu kata hizi mbili zinaonyesha sehemu mbili anazoweza kuangukia mhitimu mmoja. Ya mjini ina mitaa, wafanyabiashara wadogo, shule, na mkonge wa mashamba ya Korogwe kwa jirani. Ya kijijini ina ofisi ya mtendaji, zahanati, vikundi vya kuweka na kukopa, na ardhi ambayo watu wa mbali wanaitamani. Kwa pande zote mbili, kampuni yenye idara ya fedha na mhasibu mkuu anayepokea wanafunzi ni adimu.

Tuangalie kwanza chuo kinafundisha nini. Mfumo wa elimu ya ufundi tulionao ulianza na sheria ya 1997 iliyounda baraza la elimu ya ufundi, NACTE, siku hizi NACTVET, na ngazi zake za NTA: ya nne na ya tano ni cheti, ya sita ni stashahada. Maneno yaliyoandikwa kwenye mitaala hiyo ni mazuri mno. Yanasema elimu ijengwe juu ya umahiri, yaani mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya. Katika vyuo vingi, alama 40 kati ya 100 hutoka kwenye kazi za darasani, majaribio na kazi za vikundi, na 60 hutoka kwenye mtihani wa mwisho. Hizo 40 ndizo ninazozililia. Ndizo chuo kinazozimiliki chenyewe, kinazoweza kuzibadilisha bila kusubiri mtu wa Dodoma.

Zinatumikaje? Mwalimu anatoa swali la kampuni isiyokuwepo, aghalabu lililopita kwenye mtihani wa miaka ya nyuma. Wanafunzi watano wanapewa kazi ya kikundi. Mmoja anaifanya, wanne wanaandika majina. Madesa yanapita kwa simu, ya mwaka juzi na ya mwaka jana, na majibu yamo. Urari unakubaliana kwa sababu mtunga swali alikwisha kuhakikisha unakubaliana. Hakuna stakabadhi iliyopotea. Hakuna mweka hazina aliyeandika tarehe ya Jumapili, wala namba iliyofutwa kwa wembe na kuandikwa upya. Kitabu kinachotegemewa bado ni kile cha Mwingereza Frank Wood kilichotoka mara ya kwanza 1967, kitabu kizuri chenye mifano ya maduka ya kwao. Mwanafunzi anamaliza akijua kukokotoa uchakavu wa gari la kusambazia bidhaa, na hajawahi kukabidhiwa daftari la kikundi cha akina mama lililolowana mvua na kuambiwa: tafuta pesa ziko wapi.

Nitakaa kidogo kwenye daftari hilo, kwa sababu ndani yake mna somo zima.

Chukua kikundi cha wanachama 20, cha mtindo wa VICOBA. Kuna sanduku lenye kufuli tatu, funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti. Kila mwezi kila mwanachama ananunua hisa za shilingi 20,000, kwa hiyo mwaka mzima kikundi kinakusanya hisa za 4,800,000. Fedha hizo hazilali. Zinakopeshwa, zinarudi, zinakopeshwa tena. Tuseme mikopo yote iliyotoka mwaka huo ilijumlisha 6,000,000, na yote ikarudi na riba ya asilimia kumi, yaani 6,600,000. Mwisho wa mzunguko sanduku linafunguliwa. Ndani mnatakiwa kuwa na 4,800,000, toa 6,000,000 zilizotoka, ongeza 6,600,000 zilizorudi: jumla 5,400,000. Kila mtu anaondoka na 270,000. Kwa 240,000 alizoweka, amepata 30,000 juu. Hiyo ndiyo faida ya kweli.

Sasa tazama kinachotokea kwenye vikundi vingi. Mkopo ukitoka, katibu anauandika kwenye daftari la mikopo, kwa jina la mkopaji, ili ajue wa kumdai. Mkopo ukirudi, mweka hazina anauandika kwenye daftari la fedha, upande wa mapato, kwa sababu fedha imeingia mkononi mwake. Hakuna aliyeiba wala aliyesema uongo. Lakini daftari la fedha halijui kwamba 6,000,000 ziliwahi kutoka. Siku ya kugawana, mtu mwenye kikokotoo anajumlisha mapato: hisa 4,800,000, marejesho 6,600,000, jumla 11,400,000. Gawanya kwa 20, kila mtu apate 570,000. Sanduku linafunguliwa, mna 5,400,000. Zimepungua milioni sita kamili.

Mweka hazina ni mama wa watu, wa jirani, aliyechaguliwa kwa uaminifu wake. Kuanzia jioni hiyo anaitwa mwizi. Atapelekwa kwa mtendaji, pengine polisi, na hata akithibitishwa hana kosa, jina halirudi. Kikundi kinavunjika. Mwakani wanachama wake wanakopa kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ambayo hakuna mkulima wa mahindi anayeweza kuilipa.

Ni kosa la mstari mmoja: marejesho ya mkopo si mapato, mapato ni riba peke yake. Mwanafunzi wa muhula wa kwanza amefundishwa hilo. Ameambiwa kuhusu debiti na krediti, na kwamba kila muamala una pande mbili, kanuni ambayo mtawa wa Kiitalia Luca Pacioli aliichapisha Venice mwaka 1494. Anaijua kwa maneno na ataijibu kwenye mtihani. Lakini mkabidhi madaftari mawili ya kikundi hicho siku ya ugomvi, watu wamesimama, uone kama ataunganisha kanuni na milioni sita zilizoko hewani. Wengi hawaunganishi, kwa sababu hawajawahi kuona hesabu isiyokubaliana ikiwa na watu nyuma yake.

Na uhitaji unaongezeka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitaka vikundi hivi visajiliwe. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 kisha ikarejeshwa 2024, inahitaji kikundi chenye katiba, akaunti na kumbukumbu zinazosomeka. Vyama vya ushirika vya mazao, vikiwemo vya wakulima wa mkonge upande wa Korogwe, vinakaguliwa na shirika la ukaguzi wa ushirika, COASCO, na kupewa hati. Mkulima anauza kwenye chama, anakatwa deni la pembejeo, anakatwa ushuru wa chama na ushuru wa halmashauri, halafu anapewa kikaratasi. Anataka mtu wa kumsomea kikaratasi hicho mstari kwa mstari. Karani wa chama akishindwa kueleza kato moja, mwanachama anauza pembeni msimu ujao, na hata mkaguzi mwenye cheti cha bodi ya wahasibu hatamrudisha.

Kwa mfanyabiashara mdogo, daftari lina bei iliyoandikwa kabisa na serikali. Viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 vilikuwa hivi: mwenye mauzo kati ya milioni nne na milioni saba kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alipe 100,000, anayezitunza alipe asilimia tatu ya kilichozidi milioni nne. Muuza duka wa Kwamsisi mwenye mauzo ya milioni tano basi, akiwa na daftari, angelipa 30,000. Asipokuwa nalo, 100,000. Kati ya milioni saba na milioni kumi na moja, kiwango kilikuwa 250,000 kwa asiyetunza, na kwa anayetunza 90,000 pamoja na asilimia tatu ya kilichozidi milioni saba. Mwenye mauzo ya milioni nane na daftari angelipa 120,000. Daftari la shilingi elfu chache, likiandikwa kila jioni, lingemwachia mtu huyu 130,000 mfukoni. Mhitimu anayekaa nyumbani akisubiri tangazo la ajira angeweza kuwaandikia madaftari wenye maduka kumi kwenye barabara moja, akalipwa na kila mmoja sehemu tu ya anachookoa. Sijaona chuo kinachompa mwanafunzi kazi ya darasani ya namna hiyo: nenda kwa muuza duka, mfungulie daftari, mtunzie kwa muhula mzima, ulete.

Nimesema sana juu ya hesabu. Upande wa ofisi nao una makubwa.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kada ya katibu mahsusi, ambayo siku hizi inaitwa mwandishi mwendesha ofisi, yamezoea kumtaka mwombaji awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja kwa mwenye stashahada, pamoja na cheti cha programu za kompyuta. Kwa miongo mingi Chuo cha Uhazili Tabora kiliwatengeneza watu wa kiwango hicho. Mwaka 2000 kiliunganishwa na kile cha Magogoni kuwa Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye tawi pia Tanga mjini. Mimi siwacheki wanaotetea hatimkato. Mtu aliyefundishwa kukamata maneno 100 kwa dakika amefundishwa kwanza kusikiliza, na kusikiliza ndiyo sehemu ya kazi hii isiyozeeka. Shida ni kwamba kasi inapimwa, na uamuzi wa nini cha kuandika haupimwi.

Chukua muhtasari wa kikao. Mpangilio wake kila mtu anaujua: kufungua, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda zenyewe, mengineyo, kufunga. Sasa soma hii, ya aina ninayokutana nayo mara kwa mara: "Wajumbe walijadili kwa kina suala la choo cha zahanati na kusisitiza umuhimu wake. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa michango yao mizuri." Kiswahili ni safi, chapa imenyooka, nukta ziko mahali pake. Lakini choo kinajengwa? Kwa fedha ya mfuko gani? Nani anakwenda kuchukua makadirio ya fundi, na lini analeta? Kikao kijacho kikifika kwenye yatokanayo hakuna kitakachotokana, kwa sababu hakuna kilichoamuliwa, au kiliamuliwa na mwandishi hakukiandika. Mwandishi mzuri angenyoosha mkono katikati ya kikao aulize, "Mheshimiwa Mwenyekiti, niandike azimio gani?" Swali hilo moja lina thamani kuliko kasi ya maneno 100, na linahitaji ujasiri ambao darasa linaweza kuujenga kama mwalimu atawaketisha wanafunzi kwenye kikao cha kweli cha kamati ya shule na kusahihisha walichoandika kwa kukilinganisha na kilichotokea.

Kwa Kwamsisi ya Handeni, muhtasari ni jambo la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ushahidi wa idhini hiyo ni muhtasari na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Migogoro mingi ya ardhi vijijini, ukiifuata hadi chini, inakufikisha kwenye karatasi hizo mbili: muhtasari unaotaja ekari nyingi kuliko watu walizokubali, mahudhurio yaliyoambatanishwa kutoka kikao kingine, au jalada ambalo halipo kabisa. Kama masjala ya kijiji ingetunzwa vizuri, kila karatasi ikipewa namba yake ndani ya jalada na kila dokezo likiwa na tarehe na jina, karatasi isiyo halali ingeonekana kwa jicho. Karatasi ya 14 ikifuatiwa na ya 16, kuna mtu wa kuulizwa. Kijana aliyesoma utunzaji wa kumbukumbu ni mlinzi wa shamba la bibi yake, na nina hakika hakuna mwalimu aliyemwambia hivyo.

Tanga ilikuwa na mwanzo mzuri kuliko mikoa mingi katika mambo haya. Shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzalisha makarani, wakalimani na walimu wa kuendesha utawala kwa Kiswahili. Kutoka shule hiyo lilitoka gazeti la Kiongozi mwaka 1904. Makarani wake waliandika kodi, barua na kesi kwa Kiswahili, hata Waingereza walipofika wakakuta watu wa kuanzia nao kazi. Martin Kayamba, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1891 mwenye asili ya Bonde, alipanda ngazi hadi kuwa karani mkuu wa ofisi ya wilaya Tanga, na mwaka 1922 mjini humo humo akaanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Utawala ule ulikuwa wa kikoloni na uliwatumia makarani hawa kwa faida yake, siutamani. Lakini ustadi wao ulikuwa wa mahali pao. Karani wa Tanga aliandika kile ambacho mtu wa Tanga angeweza kusomewa na kukipinga.

Leo mwanafunzi anayetoka Kwamsisi amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza, kisha anarudi kwenye ofisi inayofanya kazi kwa Kiswahili. Serikali ilikwisha kuagiza 1967 kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na ofisi za kata hazijui njia nyingine. Barua, dokezo, hati ya malipo, taarifa ya robo mwaka, hoja za ukaguzi zikijadiliwa na madiwani: vyote Kiswahili. Kwa hiyo mhitimu anafika akijua kueleza usuluhishi wa benki kwa Kiingereza cha mtihani, na diwani akimuuliza kwa nini salio la kitabu linatofautiana na salio la benki, anababaika. Mwingine anayajua kabisa masurufu kwa jina lake la Kiingereza, ila akilikuta neno hilo kazini halihusishi na alichokariri darasani. Watu wanamwona hajui kumbe anajua, na huo ni upotevu mchungu wa miaka miwili ya ada ya mzazi.

Najua jibu la walimu wenzangu. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya 1972, inatahini kwa Kiingereza. Viwango vya kimataifa tulivyovipokea mwaka 2004 vimeandikwa kwa Kiingereza. Kijana akitaka kuwa CPA atafanyaje? Jibu hilo lina uzito, na sitaki mtoto wa Kwamsisi afungiwe mlango wa kufika mbali. Lakini hesabu ya wanaosoma cheti na stashahada si hesabu ya wanaofika CPA. Wengi watakuwa watendaji wa vijiji, makarani wa vyama, wahasibu wasaidizi, wenye steshenari, wasimamizi wa maduka ya pembejeo. Na hata huyo mmoja atakayefika CPA hatapungukiwa kwa kuwa alipokuwa na miaka 19 aliweza kumweleza bibi mwenye hisa kwenye kikundi kwa nini faida yake ni 30,000. Mtihani wa mwisho na ubaki kwa Kiingereza mpaka wenye mamlaka waamue vinginevyo. Zile alama 40 ni za chuo. Hakuna kinachomzuia mwalimu kumtaka mwanafunzi aandae taarifa ya mapato na matumizi kwa Kiswahili, aisome mbele ya darasa, na darasa limuulize mengineyo ni yapi.

Nitaje na mashine, maana kuna wanaodhani zitafuta tatizo hili. Kwa miaka kadhaa sasa fedha za vituo vya afya na shule zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti zao, na mfumo wa FFARS ukaletwa ili kila kituo kiandike kilichopokea na kilichotumia; halmashauri zina MUSE kwa malipo na TAUSI kwa mapato; ushuru unakusanywa kwa mashine za POS. Yote ni maendeleo, lakini POS haimzuii mtu kutumia fedha mbichi kabla haijafika benki. Mfumo hauwezi kujua kwamba saruji iliyoandikwa mifuko 40 ilikuwa 31. Na kwenye zahanati ya kijijini anayeingiza takwimu hizo mara nyingi ni muuguzi, na shuleni ni mwalimu mkuu. Wote wawili walisomea kazi nyingine yenye heshima na sasa wanalala saa sita za usiku wakitafuta kwa nini taarifa haikubali kufungwa. Wilaya yenye vituo na shule namna hii, na wakati huo huo yenye wahitimu wa uhasibu wanaouza vocha za simu kituo cha basi, imeshindwa kuwakutanisha watu wanaohitajiana.

Mahali pa kuwakutanisha papo tayari: ni fildi, yale mafunzo kwa vitendo ambayo kila mwanafunzi anatakiwa kuyafanya. Hali yake ya sasa inajulikana. Mwanafunzi anatafuta nafasi mjini kwa kujuana. Anapewa kiti karibu na mlango, anatumwa kutoa fotokopi na kuchukua chai, na mwisho msimamizi anamjazia fomu kwa alama nzuri kwa sababu ni kijana mwenye adabu. Kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku kinajazwa usiku mmoja. Wakati huo huo zahanati ya kata yake haina mtu wa kupanga hati za malipo za miezi sita, na mtendaji ana maboksi ya karatasi sakafuni ambayo mchwa wamekwisha kuyaanza.

Kwa nini chuo kisiandikiane na halmashauri za Handeni, Korogwe vijijini na Korogwe mji, kikawapanga wanafunzi wawili wawili kwenye kata za kwao? Mtoto anakula na kulala nyumbani, kwa hiyo gharama ya mzazi inashuka. Kazi zake ziwe zinazohesabika: daftari la fedha la zahanati lipatanishwe na taarifa ya benki, majalada ya kijiji yapewe namba, muhtasari wa vikao vitatu uandikwe na uthibitishwe na wajumbe. Mkufunzi akija kukagua asimuulize msimamizi kama kijana ana nidhamu. Afungue jalada. Siri za ofisi zitalindwa kwa kiapo kilekile ambacho watumishi wengine wanakula, na mwanafunzi asiguse fedha taslimu hata senti moja. Apewe karatasi peke yake.

Wapo watakaosema watendaji hawatataka macho mapya kwenye majalada yao. Baadhi hawatataka, na wananchi watajua maana yake. Lakini watendaji ninaowafahamu wengi wamechoka. Wanaandika taarifa za elimu, afya, maafa, lishe na ulinzi, peke yao, kwa mkono, na wanaogopa mkutano mkuu kwa sababu tu hawajapata siku ya kupanga karatasi zao. Watawapokea vijana hawa kwa mikono miwili.

Wakuu wa vyuo, muhula ujao anzeni na kozi moja tu, ile ya uhasibu wa awali. Chukueni madaftari mawili ya kikundi, yenye ruhusa ya wenyewe na majina yakiwa yamefichwa, muyatoe nakala, muwape wanafunzi, na muwaulize milioni sita ziko wapi. Nanyi wazazi wa Kwamsisi zote mbili, kabla ya kulipa ada ya cheti au stashahada, kiulizeni chuo swali moja: mwanangu atakagua daftari la nani?